Nyumba ya mawe Italia "iliyokarabatiwa": kabla hamjaacha hundi kwa dalali

Msomaji wetu wa Birmingham anauliza: "Mimi na mume wangu ni wazaliwa wa Mombasa, sasa tuna pasipoti za Uingereza. Tumeipenda nyumba ya mawe katika kijiji cha Lunigiana, kaskazini mwa Toscana, tuifanye ya likizo. Ina ghorofa tatu, mita za mraba 85, na tangazo linasema ilikarabatiwa yote mwaka 2022. Bei ni yuro 95,000. Tuliiona Julai, ikiwa kavu na safi. Dalali anataka tusaini karatasi inayoitwa proposta d'acquisto na kuacha hundi ya yuro 5,000 ili mwingine asituwahi. Anasema ni utaratibu tu. Tusaini? Na mpaka tukabidhiwe funguo tutakuwa tumetoa kiasi gani?"

Msisaini bado, dada. Huenda nyumba yenyewe ni nzuri. Karatasi ndiyo inayotia shaka.

Huko Uingereza mmezoea kwamba muuzaji akikubali bei bado hakuna aliyefungwa, mpaka siku mawakili wabadilishane mikataba. Italia mambo ni tofauti. Proposta, yaani ofa ya kununua, mkishaisaini nyinyi, muuzaji naye akaisaini na mkajulishwa, tayari ni mkataba. Ile hundi mara nyingi huandikwa kuwa caparra confirmatoria, arubuni ya kufunga mkataba, na kifungu cha 1385 cha Sheria ya Madai ya Italia kinasema wazi: mkijitoa, imekwenda, akijitoa muuzaji, anawarudishia mara mbili. Hata ada ya dalali huanza kudaiwa hapo hapo, kwa sababu kisheria "biashara imefungwa". Kwa hiyo maswali yote mazito yana wakati mmoja tu wa kuulizwa, nao ni kabla ya saini hiyo.

Kama kweli mnaogopa kupitwa, kuna njia ya kati ambayo dalali yeyote mzoefu anaijua: proposta yenye condizione sospensiva. Mnaandika kwamba haitakuwa na nguvu mpaka geometra, mpimaji wa nyumba na vibali, mliyemchagua nyinyi athibitishe kwa maandishi kuwa nyumba inalingana na vibali vya ujenzi na ramani ya catasto, daftari la nyumba na ardhi kwa ajili ya kodi, ndani ya siku 45, na kwamba hundi itakaa kwa dalali bila kupelekwa benki. Sharti la namna hiyo linasogeza mbele na ada ya dalali. Nimetaja siku 45 kwa makusudi. Manispaa, yaani Comune, ina siku 30 kisheria kumwonyesha geometra majalada ya nyumba, na katika Comune ndogo za milimani mara nyingi siku hizo hupita. Agosti msiihesabu kabisa.

Sasa tuje kwenye neno "ilikarabatiwa". Kwenye tangazo neno hilo halina uzito wowote wa kisheria. Laweza kumaanisha bafu jipya na rangi. Laweza kumaanisha kazi ndogo ambayo Comune ilipewa taarifa yake, inayoitwa CILA. Laweza pia kumaanisha kazi kamili ya paa, sakafu na kuta, yenye mhandisi, michoro iliyowasilishwa Genio Civile, ofisi ya umma inayoangalia usalama wa majengo, na hati ya mwisho ya collaudo, kwamba kazi imekaguliwa na kukubaliwa. Nyumba hizi tatu zikipigwa picha zinafanana. Tofauti iko kwenye jalada, na kwenye kilichofungiwa nyuma ya lipu.

Tuanze na jalada. Geometra ni fundi wa vipimo na vibali mwenye usajili wa kitaaluma. Huyu wa kwenu asiwe yule aliyesimamia ukarabati wala rafiki wa dalali. Kazi yake ni kulinganisha vitu vitatu: nyumba ilivyo leo, ramani iliyoko catasto, na michoro iliyoidhinishwa na Comune. Watu wengi huishia kwenye vile viwili vya kwanza. Catasto ni daftari la kodi. Haithibitishi kwamba ukuta uliobomolewa ulibomolewa kihalali, wala haithibitishi mwenye nyumba ni nani. Tangu 2010 sheria inataka muuzaji atamke kwenye hati kwamba ramani ya catasto inalingana na hali halisi, la sivyo hati ni batili, ndiyo maana kila mtu huikimbilia hiyo. Kinacholeta maumivu ni kile cha tatu.

Nyumba iliyojengwa kabla ya tarehe 1 Septemba 1967 inaweza kuuzwa bila kibali cha asili kutajwa, na nyumba ya kijijini ya miaka mia tatu bila shaka imo humo. Hapo ndipo muuzaji husema "ni ya zamani, haihitaji karatasi". Nusu ya kweli hiyo. Kuta za kale zimesamehewa. Ngazi iliyohamishwa 2022, dirisha lililofunguliwa na stoo iliyogeuzwa chumba hazimo kwenye msamaha huo. Hizo zinadai CILA, SCIA (taarifa ya kazi nzito zaidi) au permesso di costruire (kibali kamili cha ujenzi), kulingana na uzito wa kazi. Tofauti ndogo za vipimo si janga: sheria ya 2024 waliyoipa jina la Salva Casa inavumilia, kwa kazi zilizokwisha kufikia tarehe 24 Mei 2024, tofauti ya hadi asilimia 5 kwa nyumba ya ukubwa wa kwenu. Sentimita kumi za ukuta kwenda huku au kule zisiwanyime usingizi.

Kimo cha vyumba ni habari nyingine. Kanuni ya kawaida ni mita 2.70 kwa vyumba vya kuishi na 2.40 kwa bafu na ukumbi. Wajenzi wa zamani walijenga chini zaidi ili joto lisipotee, na Salva Casa imelegeza kidogo hadi 2.40 pale ukarabati ulipoboresha afya ya jengo. Lakini chumba cha ghorofa ya chini ambacho kwenye ramani kimeandikwa cantina, yaani ghala, hakigeuki chumba cha kulala kwa kuwekewa kitanda na taa nzuri. Basi hesabuni tena mita zenu: katika nyumba ya ghorofa tatu mlimani, ya chini kabisa mara nyingi ilikuwa zizi au ghala la divai na chestinati. Ikiwa mita 25 kati ya zile 85 ni cantina, mnanunua nyumba ya mita 60, na bei inafaa iseme hivyo.

Dai pia dichiarazione di conformità ya umeme, ya maji na ya gesi, hati za kuthibitisha kazi ilifuata kanuni, zinazotolewa na fundi aliyesajiliwa chini ya amri namba 37 ya 2008. Kazi ya 2022 isiyokuwa nazo ilifanywa na mtu asiyetaka jina lake lionekane. Iwepo na taarifa ya agibilità, kwamba nyumba inafaa kukaliwa, pamoja na APE, cheti cha matumizi ya nishati kinachodumu miaka 10. APE msiisome kwa herufi ya mwisho tu; tazama inasema joto linatoka wapi.

Halafu kuna kitu kisichodaiwa na sheria yoyote ambacho kina thamani kuliko karibu vyote: picha za kazi ikiendelea, na risiti. Mjenzi aliyefanya kazi safi ana picha za paa likiwa wazi, sakafu ikiwa imechimbwa, kuta zikiwa bila lipu. Huzionyesha kwa fahari. Asiye na hata moja, muulizeni kwa upole kwa nini.

Upande wa kuta, mnatoka pwani, kwa hiyo nusu ya somo mnalo tayari. Mnajua yaliyozipata nyumba za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar zilizopakwa saruji juu ya mawe ya matumbawe na chokaa: maji yakakosa pa kutokea, chumvi ikasukuma lipu kwa ndani, vipande vikaanguka. Lunigiana jiwe ni lingine, ni mchanga ulioshikamana unaoitwa arenaria, lakini ugonjwa ni huo huo. Ukuta wa kale ulifungwa kwa chokaa na unapumua. Ukarabati wa haraka hujaza viungo kwa saruji nje, kisha ndani huweka povu na ubao wa jasi. Unyevu unabaki katikati. Miaka miwili ya kwanza kila kitu ni cheupe. Wa tatu rangi inavimba kwenye nusu mita ya chini, chumvi inaota kama unga, na boriti zinaanza kuoza kwenye vichwa vyake vilivyoingia ukutani. Kazi ya 2022 sasa imefika umri huo, na kwenu hiyo ni bahati: kama kuna kasoro, imekwisha kuanza kujionyesha.

Ghorofa ya chini ndiyo ya kuichunguza kwa muda mrefu zaidi. Katika vijiji hivi vilivyobandikwa kwenye mteremko, ukuta wa nyuma mara nyingi umezama kwenye udongo wa mlima. Dawa yake ya kweli ni kuchimba na kuacha mwanya wa hewa kati ya ukuta na udongo, na chini ya sakafu kutengeneza vespaio, nafasi tupu yenye matundu ya hewa, siku hizi mara nyingi kwa vikuba vya plastiki vinavyoitwa igloo. Ni kazi ghali na yenye vumbi. Kazi rahisi ni kupigilia mbao za mapambo hadi kimo cha kiuno, au kuuficha ukuta kwa kabati refu. Mkiona mapambo ya namna hiyo kwenye ukuta wa upande wa mlima tu, ombeni yafunguliwe. Mashine ya kukausha hewa iliyokaa pembeni nayo ni ushahidi. Gongagongeni lipu kwa kifundo cha kidole: ikilia kama ngoma, imeachana na jiwe.

Na ile imani kwamba ukuta wa sentimita 60 unazuia baridi, iacheni. Jiwe hupitisha joto vizuri sana. Unene wake unachelewesha tu. Kiangazi hiyo ni neema. Januari, nyumba iliyofungwa mwezi mzima huchukua siku mbili mpaka kuta ziache kuwanyonya joto, nanyi mmekuja kwa siku tatu. Lipu ya chokaa iliyochanganywa na chembe za koki au katani, unene wa sentimita 4 au 5 kwa ndani, inasaidia sana bila kuziba pumzi ya ukuta. Mawe yaliyoachwa wazi ndani yanapendeza kwenye picha, na ndiyo yanayokula kuni.

Tetemeko la ardhi halikwepeki katika mazungumzo haya. Tarehe 7 Septemba 1920 Garfagnana na Lunigiana zilipigwa na tetemeko lililouangusha sehemu kubwa ya mji wa Fivizzano, na Juni 2013 eneo hilo hilo lilitikiswa tena. Ukuta wa mawe wa huku mara nyingi ni ngozi mbili za mawe zenye kifusi katikati. Ukitikiswa, ngozi huachana. Kinachozishika ni mawe marefu yanayopita upande hadi upande, na catene, vyuma vinavyovuka nyumba kwenye usawa wa sakafu na kufungwa nje kwa bamba. Wageni wengi wakiona bamba za chuma ukutani hudhani nyumba ni mgonjwa. Hapana, hiyo ni dawa. Nyumba ya kutilia shaka ni ile yenye tumbo lililofura kwenye ukuta wa nje na isiyo na chuma chochote.

Jambo la pili ni uzito juu. Baada ya matetemeko ya Umbria na Marche mwaka 1997, wahandisi waliona nyumba za mawe zilizokuwa zimewekewa mkanda wa zege na paa zito la zege juu ya kuta dhaifu zikipasuka vibaya, kwa sababu juu pamekuwa pagumu na chini palibaki palepale. Paa la asili la Lunigiana, la vibamba vya mawe vinavyoitwa piagne, lenyewe hupita kilo 100 kwa mita ya mraba. Kwa hiyo swali la mhandisi si kama paa ni jipya, ni kama lilifungwa vizuri na kuta na kama kuta zenyewe ziliimarishwa. Mlipeni mhandisi wa miundo saa mbili za kuzunguka nyumba, hata kama geometra anasema anatosha. Atachoma vichwa vya boriti kwa bisibisi na kupima unyevu wake. Mbao ikikaa juu ya asilimia 20, kuvu ana karamu. Boriti za castagno, mti wa chestinati, ni ngumu kwenye kiini, na matundu ya wadudu ya zamani kwenye ganda la nje si hoja. Unga mweupe mbichi chini ya tundu ndiyo hoja.

Nyumba ya kijijini haisimami peke yake. Imeshikana na majirani, na hapo kuna mafundo ambayo picha hazionyeshi. Chumba kilicho juu ya upinde wa njia chaweza kuwa chenu huku cha chini yake ni cha mwingine. Kiwanja cha mbele chaweza kuwa corte comune, cha watu wanane. Bomba la maji machafu laweza kupita kwa jirani bila haki iliyoandikwa. Ulizeni kama nyumba imeungwa kwenye mfereji wa umma au ina shimo lake, na shimo liko kwenye ardhi ya nani. Kisha tazameni nyumba mliyoshikana nayo. Ikiwa ni gofu, kwenye catasto imeandikwa F/2, na ikiwa paa lake limefunguka, mvua inaingia kwenye ukuta mnaouchangia, na ukarabati wenu wote wa ndani hausaidii. Geometra atatoa majina ya wenye gofu kwa gharama ndogo. Majina mawili, mnaweza kuzungumza. Majina kumi na saba, nusu yao wazao wa wahamiaji walioko Amerika ya Kusini, hesabuni kwamba gofu litabaki gofu.

Pimeni pia umbali kutoka gari linapoishia hadi mlangoni, kwa hatua, mkiwa na mzigo. Peleti za jiko huuzwa kwa mifuko ya kilo 15. Friji nayo itabebwa.

Kama nyumba inauzwa pamoja na kipande cha shamba, mizeituni au msitu wa chestinati, simameni kidogo. Jirani mkulima mwenye sifa za kisheria ana haki ya kununua kwanza; hupewa taarifa na siku 30 za kuamua, na asipoarifiwa anaweza kuidai ardhi ndani ya mwaka mmoja tangu hati iandikishwe. Kodi ya kununua shamba kwa asiye mkulima nayo ni asilimia 15. Mara nyingi ni heri shamba liachwe nje.

Sasa pesa. Kodi inategemea ni nani anayeuza, na hamkuniambia, kwa hiyo nafanya hesabu mbili.

Akiuza mtu binafsi, mnalipa imposta di registro, kodi ya kuandikisha hati, asilimia 9 kwa nyumba isiyo makazi yenu makuu, pamoja na yuro 50 mara mbili. Asilimia hiyo haipigwi kwenye bei. Mkiomba notaio, mwanasheria rasmi anayeandika hati ya mauzo, atumie kanuni ya prezzo-valore, na lazima iombwe ndani ya hati, inapigwa kwenye thamani ya catasto: rendita, pato la nyumba linalokadiriwa kwenye catasto, mara 126. Tuseme rendita ni yuro 320. Thamani ni 40,320, kodi ni 3,628.80, jumla 3,728.80. Bei halisi bado inaandikwa yote kwenye hati. Akiwashauri mtu mwandike pungufu na kumpa tofauti mkononi, kwa kanuni hii hamna faida hata senti na hatari ni yenu.

Ikiuza kampuni iliyofanya ukarabati wenyewe, na kazi haijatimiza miaka 5 tangu ikamilike, ni lazima IVA, kodi ya ongezeko la thamani: asilimia 10 ya bei yenyewe, yaani 9,500, na yuro 200 mara tatu. Jumla 10,100. Kazi iliyokwisha 2022 imo ndani ya kipindi hicho hadi 2027. Ulizeni kwa maandishi kama 95,000 ni pamoja na IVA au bila.

Ongezeni dalali: asilimia 3 na IVA yake ya 22, ni 3,477, ingawa kwa nyumba za bei ya chini wengi wana ada ya chini isiyoshuka, kwa hiyo ulizeni mapema, na hakikisheni amesajiliwa Camera di Commercio, chemba ya biashara. Notaio kiasi cha 2,500, geometra 1,300, mhandisi 700, mkalimani na tafsiri 500, kuandikisha mkataba wa awali 200 na kitu. Kwa muuzaji binafsi mnafika kama yuro 12,400 juu ya bei. Kwa kampuni, kama 18,800.

Msikimbilie kusema basi afadhali mtu binafsi. Mtu binafsi akiwauzia, kasoro iliyojificha mnapaswa kuilalamikia ndani ya siku 8 tangu muigundue, na haki yenu inakufa mwaka mmoja baada ya kukabidhiwa nyumba. Kampuni iliyokarabati na kuuza inabeba kifungu cha 1669: miaka 10 kwa kasoro nzito, na mwaka 2017 Mahakama ya Kasasheni ilithibitisha kwamba kifungu hicho kinagusa pia ukarabati wa jengo la zamani. Kwenu hiyo ni hadi 2032. Yuro 6,400 za ziada zinanunua ulinzi huo, mradi kampuni bado itakuwepo. Geometra au notaio awaangalizie ilianzishwa lini na kama bado inafanya kazi.

Kwa mpangilio: kwanza codice fiscale, namba ya kodi, inayotolewa bure kupitia ubalozi mdogo wa Italia au ofisi ya kodi, Agenzia delle Entrate. Kisha ripoti ya geometra. Kisha proposta, halafu compromesso, mkataba wa awali wenye caparra ya asilimia 10 hadi 20, unaoandikishwa ndani ya siku 30. Ikiwa kati ya compromesso na hati ya mwisho kuna miezi mingi, mlipeni notaio auandikishe kwenye daftari la mali, ili deni jipya la muuzaji lisiwatangulie. Mwisho ni rogito, hati ya mauzo, mbele ya notaio. Huyu mnamchagua nyinyi kwa kuwa mnamlipa nyinyi. Atachunguza umiliki na rehani za miaka 20 iliyopita, lakini haji kuona nyumba wala hapimi ukuta. Muuzaji akiwa amerithi, notaio atataka kukubali urithi kuwe kumeandikishwa. Tamko la mirathi la kodi peke yake halitoshi, na gharama hiyo ni ya muuzaji.

Kama hamjui Kiitaliano vya kutosha, sheria inataka hati iwe ya lugha mbili, na mkalimani awepo kama notaio mwenyewe haijui lugha yenu. La sivyo mnampa mtu procura, yaani hati ya uwakilishi, iliyosainiwa mbele ya notari wa Uingereza na kuwekwa apostille, uthibitisho wa kimataifa. Ombeni pia deposito prezzo: tangu 2017 mnunuzi anaweza kutaka bei ikae kwenye akaunti maalumu ya notaio mpaka hati iandikishwe. Haichelewishi chochote, na muuzaji safi hana sababu ya kukataa.

Pasipoti ya Uingereza haiwazuii kununua. Ndugu zenu wenye pasipoti za Afrika Mashariki pekee wamulize notaio kuhusu sharti la kurudishiana haki kati ya nchi, yaani kama nchi yao nayo inawaruhusu Waitaliano kununua. Mwenye kibali cha kuishi Italia kwa kazi au familia ameepushwa nalo. Ila nyumba haiwapi nyinyi haki ya kukaa. Ni siku 90 katika kila siku 180 kwa eneo zima la Schengen, na tangu Oktoba 2025 mipaka imeanza kuzihesabu kwa alama za vidole, si kwa mihuri.

Baada ya kununua, IMU, kodi ya nyumba ya kila mwaka, hulipwa tarehe 16 Juni na 16 Desemba. Kwa rendita ileile ya 320, na kiwango cha asilimia 1.06, ni karibu yuro 570 kwa mwaka. Kuna taka, bima (ya tetemeko huwa kando, na someni nyumba inaruhusiwa kukaa tupu siku ngapi), umeme wa asiye mkazi wenye ada kubwa zaidi, na mtu wa kijijini wa kufungua madirisha na kumwaga maji ya mabomba kabla ya baridi kuyapasua. Tengeni yuro 2,000 hivi. Umeme wa kawaida ni kilowati 3: oveni na hita ya maji pamoja, taa zinazima. Kuongeza hadi 4.5 ni ombi tu kwa kampuni ya umeme. Mkitaka kupangisha wageni, mtahitaji namba ya CIN ya nyumba za wageni, kitambua gesi na monoksidi ya kaboni, kizima moto, na kuripoti wageni polisi ndani ya saa 24.

Rudini Novemba, baada ya siku mbili za mvua, bila kumpa dalali muda wa kuwasha jiko. Lakini leo mwandikieni mistari michache tu: muuzaji ni mtu au kampuni, kazi ilikamilika tarehe gani na kwa kibali namba ngapi, tunaomba visura (dondoo la catasto), planimetria (ramani ya vyumba), agibilità, APE, dichiarazioni di conformità na picha za kazi, geometra wetu ataomba majalada Comune, tunahitaji idhini ya muuzaji iliyosainiwa, proposta tutaisaini yenye sharti, na hundi haitapelekwa benki kabla ya ripoti.